Koili inasoma µH sawasawa, mbona IC inachemka?

Suali: Assalamu alaykum. Mimi ni fundi wa simu na sola, Wete. Nimewatengenezea wavuvi wa dagaa saplai ya kuchajia simu chomboni, kutoka betri ya 12V kwenda 5V, kwa IC ya LM2596, ile ya kushushia volteji. Koili sikuipata, nikazungusha mwenyewe juu ya pete ya kijani niliyoitoa kwenye pawa saplai ya kompyuta, upande unaoingia umeme wa ukutani. Pete ina upana wa 20 mm, tundu 12 mm, kimo 7.5 mm. Kwa mizunguko 3 kipimo kilisoma 36 µH (mikrohenri, kipimo cha indaktansi ya koili), na karatasi ya IC inataka 33. Simu moja inachaji vizuri. Zikifika tatu, baada ya dakika chache IC haishikiki kwa moto na volteji inaanguka hadi 4V. Nikaona labda mizunguko ni michache, nikaweka 6. Ikawa mbaya zaidi, hata simu moja inaichemsha. IC mbili zimeshakufa, na moja ilikufa pamoja na simu ya mteja. Koili inafanya kazi gani hasa, na nakosea wapi?

Jibu: Waalaikumu salaam fundi. Hesabu yako ya mizunguko ni sahihi na kipimo chako hakikudanganya. Ulichokosa ni suali la pili ambalo kila koili ya saplai ya swichi, yaani inayoshusha volteji kwa kuwasha na kuzima haraka, lazima iulizwe: hiyo 36 µH unayo mpaka ampea ngapi? Kipimo cha mkononi hupima kwa mkondo mdogo mno, miliampea chache tu, na hapo pete yako ni 36 µH kweli. Kwenye ampea 2 pete hiyo haina 36. Inabakiwa na kidogo sana, na IC inaiona kama kipande cha waya.

Tuanze na kazi yenyewe ya koili, kwa sababu ukiishika hii, mengine yote yanafuata.

Koili haikubali mkondo ubadilike ghafla. Fikiria watu wanaoshua ngalawa: msukumo wa kwanza haiondoki, inaanza pole pole, na ikishashika mwendo mchangani huwezi kuisimamisha kwa mkono mmoja. Volteji ndiyo msukumo, mkondo ndiyo mwendo, na indaktansi ndiyo uzito wa chombo. Kwa vipimo vya fundi, kanuni ni rahisi kuikariri: volti 1 juu ya koili ya 1 µH inapandisha mkondo kwa ampea 1 kila mikrosekunde. Volti zikiwa mbili, unapanda kwa kasi mara mbili. Ikiwa koili ni ya 33 µH, unapanda polepole mara 33.

Sasa tuitie kwenye LM2596. Swichi ya ndani inawaka na kuzima mara 150,000 kwa sekunde, kwa hiyo duru moja ni mikrosekunde 6.67. Swichi ikiwaka, upande mmoja wa koili unapata volti za betri, na upande wa pili upo kwenye 5V ya simu. Swichi yenyewe inakula kama 1.2V ukiibebesha mzigo mkubwa, hivyo juu ya koili zinabaki 12 − 1.2 − 5 = 5.8V. Mkondo unapanda. Swichi ikizima, mkondo uliokwisha kushika mwendo hautaki kusimama. Koili inageuza volteji yake yenyewe, mguu uliokuwa juu kwenye volti 11 unaanguka hadi nusu volti chini ya sifuri, dayodi, ambayo ni mlango wa mkondo wa upande mmoja, inafunguka na mkondo unaendelea kuzunguka kupitia hapo. Sasa juu ya koili kuna 5.5V kwa upande wa kinyume, yaani 5 za simu na 0.5 ya dayodi, na mkondo unashuka.

Ili mkondo usipande duru baada ya duru bila mwisho, kilichopanda lazima kishuke sawasawa. IC inapanga muda wake kuhakikisha hilo: inawasha kwa mikrosekunde 3.24 na kuzima kwa 3.42. Zidisha 5.8 kwa 3.24, halafu 5.5 kwa 3.42; zote zinatoa 18.8. Hiyo 18.8 igawe kwa 33 µH, unapata 0.57. Basi mkondo wa koili hausimami sehemu moja: unapanda na kushuka kwa upana wa ampea 0.57, na katikati yake ndiyo ampea inayokwenda kwenye simu. Simu tatu zikinyonya jumla ya ampea 2, koili inacheza kati ya 1.72 na 2.28. Hiyo 2.28, kilele chake, ndiyo namba ya kuikumbuka, kwa sababu kiini cha koili, yaani ile pete yenyewe, kinaumia kwenye kilele, si kwenye wastani.

Hapa ndipo pete yako ya kijani iliposhindwa. Kiini cha sumaku kina mpaka wake. Kila ampea inayopita kwenye mizunguko inajaza sumaku ndani ya kiini, na kikishajaa kimeshiba. Ampea inayofuata haiongezi kitu, na kisichoongeza sumaku hakizuii mkondo. Mafundi wanasema kiini kimeshiba na maana yake ni hiyo hasa. Ukubwa wa sumaku ndani ya kiini unaupata hivi: indaktansi mara ampea, gawanya kwa mizunguko, gawanya tena kwa eneo la unene wa pete. Pete yako ina unene wa 4 mm (20 toa 12, nusu yake) na kimo 7.5 mm, eneo ni 30 mm². Feraiti (kauri ya sumaku, ndiyo pete yako) ya namna hiyo inashiba karibu na tesla 0.35 ikiwa baridi; tesla ndiyo kipimo cha sumaku ndani ya kiini. Ukigeuza hesabu, kwa mizunguko 3 na 36 µH, pete inashiba mkondo ukifika ampea 0.87.

Simu hazinyonyi sawa; ile moja, tuseme ya nusu ampea, ina kilele cha kama 0.76. Umepita kwa nafasi nyembamba. Simu tatu zinataka 2.28, na hapo umeshaupita mpaka zamani. Kila duru, mara tu mkondo unapovuka mpaka huo, indaktansi inaporomoka. Tuseme imebaki 3 µH: badala ya kupanda ampea 0.16 kwa mikrosekunde, sasa unapanda karibu 2. LM2596 ina kinga inayokata mkondo ukifika kama ampea 4.5, nayo inakata, lakini inakata mapema kabla koili haijapokea nishati ya kutosha kwa simu tatu. Ndiyo sababu volteji yako inaanguka hadi 4V. Wakati huohuo swichi na dayodi zinabeba vilele vya ampea nne kila duru, joto linapanda, na feraiti yenyewe ikipata moto mpaka wake wa kushiba unashuka. Inashiba mapema zaidi, inachemka zaidi. Zile dakika chache za mwanzo ulizoona ni muda wa joto kujikusanya.

Na ile mizunguko 6? Indaktansi inakua kwa mraba wa mizunguko: ukizidisha mizunguko mara mbili, µH zinakuwa mara nne, yaani 144. Lakini ampea za kushibisha kiini hichohicho zinapungua kwa nusu, kwa sababu kila ampea sasa inapita mara sita ndani ya pete badala ya tatu. Mpaka wako ukashuka hadi 0.44. Wastani wa simu moja peke yake, nusu ampea, tayari umeshauvuka. Nataka uliweke hili vizuri kichwani, kwa sababu ndilo kosa ninaloliona kuwagharimu mafundi wengi zaidi: kwenye kiini kilichoshiba, kuongeza mizunguko ni kuongeza ugonjwa.

Lakini kwa nini pete hiyo ilikuwepo ndani ya pawa saplai na ilikuwa inafanya kazi? Kazi yake pale ni kuchuja kelele. Ilikuwa na nyuzi mbili, mkondo ukienda kwa moja na kurudi kwa nyengine, na sumaku zao zinafutana. Kwa kuwa hakuna mkondo wa moja kwa moja unaobaki ndani yake, imetengenezwa ishike sumaku kwa wepesi mno. Wepesi huohuo ndio unaoishibisha haraka ukiipa mkondo wa upande mmoja. Koili ya saplai ya swichi inatakiwa kuhifadhi nishati, na nishati haikai ndani ya feraiti. Inakaa kwenye mwanya wa hewa. Kiini kizuri kwa kazi hii lazima kiwe na mwanya mahali fulani.

Pete uliyoihitaji ilikuwa ndani ya boksi lilelile, upande wa pili, ule wa kutokea volti za chini. Ni ile kubwa ya manjano yenye uso mmoja mweupe. Hiyo ni unga wa chuma ulioshinikizwa pamoja na gundi, na gundi kati ya chembe na chembe ndiyo mwanya, umegawanywa pete nzima. Inashiba polepole, haiporomoki ghafla, na mpaka wake ni mkubwa mara kadhaa kuliko wa feraiti. Kubwa ya kawaida ina upana wa 27 mm, tundu 14.5 mm na kimo 11 mm; jina lake la kiwandani ni T106-26. Ipo pia ya kijani yenye uso wa buluu, aina ya 52, ambayo inapoteza joto dogo zaidi kwenye kasi kubwa. Ukiipata hiyo ichukue kwanza. Usiichanganye na kijani chako: rangi pekee haitoshi kukuambia pete ni ya nini.

Njia ya uhakika ya kuijua pete yoyote ya mtumba ni hii. Zungusha mizunguko 10 ya waya wowote, pima, kisha gawanya kwa 100. Unapata indaktansi ya mzunguko mmoja. T106-26 itasoma karibu 9.3 µH kwa mizunguko 10. Ndugu yake mdogo, T80-26 yenye upana wa 20 mm, itasoma kama 4.6. Pete yako ya kuchuja kelele itasoma 400. Ikisoma mamia, irudishe kwenye mkebe na uitumie kuchujia kelele. Kwa saplai ya swichi haifai hata ukiizungusha vipi.

Kwa T106-26, kufikia 33 µH unahitaji mizunguko 19. Kata waya wa shaba wenye vanishi, unene 0.8 mm, urefu wa sentimita 90. Kila mara waya unapopita ndani ya tundu hesabu moja, hata ule mpito wa kwanza. Wengi wanauruka na kubaki na mzunguko mmoja pungufu. Zitawanye nyuzi kuizunguka pete yote kwa tabaka moja, usizirundike sehemu moja, na acha nafasi ndogo kati ya mwanzo na mwisho. Kwangua vanishi mpaka shaba ing'are kabla ya kuchomea risasi. Waya huo una ukinzani wa kama 0.03Ω, kwa ampea 2 unapoteza wati 0.12 tu. Koili itakuwa ya uvuguvugu. Kama huwezi kuishika kwa kidole kwa sekunde tano, kuna kitu bado hakijakaa sawa, na usiiache ikachemka hivyo miezi: gundi ya pete za unga wa chuma inazeeka kwa joto la kudumu, na pete iliyozeeka inazidi kuchemka yenyewe.

Ukikosa pete ya manjano, feraiti ya umbo la E kutoka transfoma ndogo inafaa, kwa sharti uitie mwanya. Chukua mfano wa EE25, yenye mguu wa kati wa 52 mm². Ichemshe kwenye maji dakika kumi kulainisha gundi kabla ya kuitenganisha, kwa sababu feraiti inavunjika kama kigae. Zungusha mizunguko 12 kwenye mguu wa kati. Kisha weka karatasi ya kawaida ya daftari moja na utepe mmoja wa plastiki kati ya nusu mbili, kwenye miguu ya nje na ya kati pia. Mwanya unaohitajika jumla ni karibu 0.28 mm, na kwa kuwa sumaku inavuka mara mbili, kila upande unapata nusu yake. Funga, pima. Ikisoma zaidi ya 33 ongeza utepe, ikisoma chini punguza. Kwa mizunguko 12 koili hii haishibi hata IC ikifika kwenye kinga yake ya ampea 4.5, na hicho ndicho kipimo kizuri cha usalama: koili ihimili mpaka pale IC inapokata, si mpaka pale simu zinaponyonya.

Jambo jengine la kulikagua ni IC yenyewe. Kuna nyingi sokoni zenye maandishi ya LM2596 ambazo ndani zinapiga kHz 50 tu (mara 50,000 kwa sekunde) badala ya 150. Kama mita yako ina sehemu ya Hz, gusa mguu wa 2 wa IC ikiwa na mzigo. Ukisoma karibu 50, basi muda wa kila duru ni mara tatu, na mkondo unacheza kwa upana wa 1.7A badala ya 0.57. Hapo weka 100 µH, yaani mizunguko 33 juu ya T106-26 ileile. Bado inaingia kwa tabaka moja.

Dayodi iwe 1N5822 au ya aina hiyohiyo ya Schottky, inayofunga haraka, ampea 3. Usitie 1N4007. Inachelewa kufunga kwa mikrosekunde kadhaa, na duru yako nzima ni mikrosekunde 6.67, kwa hiyo kila swichi inapowaka inakuta njia iko wazi moja kwa moja kwenda sifuri. Na usiwashe kamwe saplai hii dayodi ikiwa haipo au risasi yake imelegea. Koili itautafutia mkondo wake njia nyengine, na njia hiyo itakuwa ndani ya IC. Kapasita ya kuingilia, 470 µF ya 35V au zaidi, ikae ndani ya sentimita mbili za miguu ya IC. Nyuzi ndefu kutoka betri ya chomboni nazo ni koili, na bila kapasita hiyo zinapiga mishale ya volteji. Ya kutokea iwe 220 µF ya aina inayotengenezewa saplai za swichi.

Kabla ya kuipeleka pwani, ijaribu mezani. Nunua rezista nne nyeupe za 10Ω, wati 5. Kila moja inanyonya nusu ampea kwenye 5V. Weka mita upande wa betri kwenye sehemu ya 10A, na uongeze rezista moja moja. Kwa betri ya 12V utarajie karibu 0.26A kwa rezista moja, 0.52 kwa mbili, 0.78 kwa tatu, 1.04 kwa nne. Zikiwa zinapanda kwa hatua zinazofanana, koili haijashiba. Ukiona hatua moja imeruka, tuseme kutoka 0.52 hadi 1.1, umeukuta mpaka wake. Acha zote nne kwa nusu saa huku boksi limefungwa, kisha soma tena, kwa sababu koili inayopita ikiwa baridi inaweza kushindwa ikiwa moto, na boksi linalokaa juani mchana wa kaskazi litakuwa na joto kuliko meza yako. Ukiweza kuazima oskiloskopu, tia rezista ya 0.1Ω mfululizo na koili, utazame volteji juu yake: mstari ulionyooka kupanda na kushuka ni salama, mstari unaopinda juu kama ndoana karibu na kilele ni kiini kinachoshiba.

Ukisikia koili inalia kama nzi, sauti hiyo si ya 150 kHz, maana sikio haliifikii. Kwa simu moja iliyokaribia kujaa ni kawaida, IC inaruka duru baadhi. Ikilia kwenye mzigo mkubwa rudi kwenye kapasita na koili.

Kuhusu ile simu ya mteja: IC hii inapokufa mara nyingi swichi yake inabaki imewaka, na volti 12 zote zinapita koili hadi kwenye simu. Koili haiwezi kuzizuia, kwa sababu inazuia mabadiliko tu, si mkondo uliotulia. Tia fyuzi ya 2A ya haraka kwenye waya chanya wa betri, na kwenye tundu la kutokea weka zena ya 5.6V, wati 5, mfano 1N5339B, mstari wake upande wa chanya. Volteji ikipanda, zena inaubeba mkondo, fyuzi inakatika, na kinachokwenda kubadilishwa ni fyuzi. Mwisho, paka ubao mzima vanishi ya umeme tabaka mbili ukishamaliza majaribio, isipokuwa matundu ya kuchajia, kwa sababu chumvi ya bahari inapenya kwenye risasi ya dayodi kabla haijafika mahali pengine popote, na umeshaona hapo juu kinachotokea dayodi ikilegea.